Mgomo wa walimu Uingereza: binti anasoma Macbeth peke yake

Leeds:
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, salaam. Walimu wa huku wanagoma tena tarehe 15 na 16 Machi 2023. Binti yangu yuko mwaka wa 11 wa shule, mtihani wa GCSE, ule wa taifa wa sekondari, ni Mei, na shule imempa karatasi za maswali tu kuhusu Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Anaisoma kimya chumbani na kutoka amenuna. Mwalimu wa kulipia simmudu. Wenzangu mnafanyaje?

Birmingham:
Dada, kwanza ulizia bodi ya mitihani. Kama ni AQA, atapewa kifungu cha tamthilia kwenye karatasi, aanzie hapo kisha aeleze tamthilia nzima, na kitabu haingii nacho. Swali lina alama 30, na 4 za tahajia na uandishi. Mitihani ya nyuma ipo bure kwenye tovuti yao. Na usitegemee taarifa ya mapema: kisheria mwalimu halazimiki kumwambia mkuu wa shule kwamba atagoma.

Shangani, Mtwara:
Mwanangu, nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu. Sisi nasi tuligoma mwishoni mwa Julai 2012, chama chetu cha walimu, CWT, kilipotuita, hadi mahakama ikatuzuia. Walimu wa huko siwalaumu. Ila tamthilia imeandikwa isemwe, na mtoto akiisoma kimya ataona maneno magumu tu, hataona watu.

Jumatano nipigieni WhatsApp saa nne asubuhi ya kwenu, huku itakuwa saa saba mchana. Ninayo Makbeth ya S. S. Mushi, tafsiri ya 1968. Yeye asome Kiingereza chake, mimi Kiswahili, kwa sauti, kila mtu na mhusika wake.

Tuanze na tendo la kwanza, onyesho la saba. Macbeth yuko peke yake, anahesabu sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, tena ni mgeni wake, na mwenye nyumba ndiye wa kumfungia muuaji mlango. Mtoto aliyelelewa na watu wa kusini anajua uzito wa mgeni. Mara mkewe anaingia, anamwambia si mwanamume, na sababu zote zinaanguka. Hapo nitamuuliza binti: aliyeua ni nani hasa? Wale wachawi watatu walimwambia atakuwa mfalme, kuua hawakumtuma. Akilijibu hilo kwa maneno yake mwenyewe, kisha akaonyesha mistari inayomuunga mkono, kifungu chochote watakachomletea atakuwa na la kusema.

Asikariri hotuba nzima. Vipande vifupi, anavyovielewa. Umeme ukikatika huku tutaongea kwa simu ya kawaida.

Leeds:
Shikamoo shangazi, na ahsante sana. Jumatano saa nne tutakuwa mezani. Kuna mwenzake wa darasani hapa jirani, kwao hakuna wa kumsaidia. Kiswahili hajui. Naweza kumwita?

Shangani, Mtwara:
Marahaba. Mwite, atasoma Banquo, mwenzake Macbeth. Nunueni nakala mbili.