Wazazi Darasa la Pili B (Newala)

Mwl. wa Darasa: Asalaam aleikum wazazi, habari za jioni. Nimesahihisha kazi za nyumbani. Kuna madaftari yana mwandiko wa kidato cha nne 😅 Naomba mtoto aandike mwenyewe hata kama anakosea. Nikiliona kosa ndipo najua kesho nianzie wapi.

Mama Somoe: Waaleikum salaam. Hapo umetupata mwalimu

Baba Issa: Huo wa kwangu ni wa dada yake. Nimeshamkanya. Ila mwalimu nanyi mnazidisha, hesabu kumi usiku mmoja na mtoto kutwa nzima yuko shamba anaokota korosho?

Mama Twaha: Kutwa nzima? Shule je? 🙄

Baba Issa: Nina maana akitoka shule.

Mwl. wa Darasa: Baba Issa, wiki iliyopita Jumatano na Alhamisi sikumwona.

Mama Somoe: 🫢

Baba Issa: Sawa mwalimu, nitakuja tuongee. Lakini mnijue na mimi. Korosho zikilala chini zinaibiwa, zikinyeshewa zinashuka daraja. Pale mnadani hakuna anayeuliza mtoto alikuwa shule au la.

Mwl. wa Darasa: Karibu sana, wala si ugomvi. Hata mimi nina mikorosho. Ila kabla ya mwaka kuisha hawa wana upimaji wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), na anayekosa siku mbili za silabi anarudi wenzake wameshapita.

Bibi Asumini: (anaandika mjukuu wake wa sekondari) Bibi anauliza, yeye hajui kusoma na mama wa mtoto yuko Dar. Atamsaidiaje?

Mwl. wa Darasa: Shikamoo bibi. Mkalishe karibu yako akusomee kwa sauti, robo saa inatosha. Kazi yako ni kusikiliza.

Bibi Asumini: Marahaba. Bibi anasema anasomewa kila siku, mbio mbio kama mtangazaji wa redio. Ila macho ya mtoto yako kwenye chungu cha mboga.

Mama Twaha: 😂😂😂

Mwl. wa Darasa: Bibi umemkamata! Huyo amekariri. Na hayuko peke yake, darasani wako wengi, na wazazi wanaojua kusoma ndio wanaodanganyika zaidi maana wanafurahia ile kasi. Fanya hivi bibi. Picha izibe kwa kiganja. Halafu weka kidole kwenye neno lolote la chini ya ukurasa, muulize hapa pameandikwaje. Ukimwona anaanza kunong'ona kutoka mwanzo wa mstari mpaka afike kwenye kidole chako, hajasoma huyo, anaimba.

Mama Somoe: Kumbe hata asiyejua kusoma anaweza kupima

Mama Twaha: Nimejaribu sasa hivi. Nimeweka kidole kwenye ng'ombe, kaniambia "maziwa". Pichani kuna mama amebeba maziwa 🤦🏾‍♀️ Na huyu nimeshamsifia mpaka kwa shangazi zake.

Mwl. wa Darasa: Usimkaripie. Mrudishe kwenye silabi: nga nge ngi, halafu ng'a ng'e ng'i. Hiyo yenye alama juu inawatesa karibu wote. Maneno mawili matatu kwa usiku, basi, akalale.

Bibi Asumini: Bibi anauliza hadithi ampe kwa Kimakonde au Kiswahili. Kiswahili chake anasema kinakatikakatika.

Mwl. wa Darasa: Kimakonde bibi, na usipunguze kitu. Asubuhi yeye ataisimulia kwa Kiswahili mbele ya wenzake.

Mjomba Chande: Mambo yamebadilika! Sisi ukitamka Kimakonde darasani ni fimbo.

Mhazini UWAWA (umoja wa wazazi na walimu): Samahani kuwakatiza. Mahindi ya uji yanaelekea kuisha. Mwenye ahadi yake aikumbuke.

Mjomba Chande: Si elimu bila malipo hii?

Mhazini UWAWA: Mjomba, kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Uji tulikubaliana wenyewe kikaoni na wewe ulinyoosha mkono. Asiye na mahindi alete makopa ya muhogo au kuni. Na mtoto wa asiyetoa hanyimwi kikombe, hilo lisirudi tena humu.

Mjomba Chande: Nitaleta kuni.

Baba Issa: Mama Somoe, mashamba yetu yamepakana. Mkija kwangu Jumatano, Alhamisi nakuja kwenu na mke wangu. Tukiwa watu wazima wanne zinakwisha kabla ya adhuhuri, watoto tuwaache waende shule.

Mama Somoe: Nakuja. Ila chakula cha mchana ni juu ya mwenye shamba, tusije kudanganyana 😄

Baba Issa: Ugali wa muhogo upo na kisamvu kipo.

Mama Twaha: Mwalimu, na kile kitabu tunachopokezana? Kwangu kimekaa tangu Ijumaa.

Mwl. wa Darasa: Kesho kiende kwa Issa, akija.

Baba Issa: Atakuja, namleta mwenyewe na pikipiki.

Mwl. wa Darasa: Sawa. Kifungwe kwenye mfuko wa nailoni lakini. Kile kingine kimerudi na maji ya mabibo ya korosho kurasa tatu, na yale hayatoki.