Kocha wa semina kamwita mdogo wangu narsisisti kwa voisi ya dakika saba, lawama kamtwika mama yetu. Tanga tumefika huku?

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, sitaficha. Wasimamizi naomba msiuunganishe na zile nyuzi za ndoa, maana huu ni wa mama yangu.

Jumapili iliyopita mchana nilikuwa kwa mama, Ngamiani. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali, sinia mbele yake, kabakisha kipande kimoja. Wifi yangu, mke wa mdogo wetu wa mwisho, akaingia hata hodi hakupiga. Akamwekea simu pale kwenye kigoda, akasema, "Mama, sikiliza na wewe." Ikaanza sauti ya mwanamke, tamu, taratibu, kama mtangazaji. Eti kwa maelezo aliyopewa, mume wa wifi yangu ni narsisisti kamili, yaani mtu aliyejipenda kupita kiasi. Eti narsisisti hazaliwi, anatengenezwa, na fundi wake ni mama. "Mkweo alimdekeza, akamfanya mfalme, leo wewe ndiye unayelipa. Si wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo?"

Mama hakujibu. Alikitoa kile kipande kwenye meno ya mbuzi, akakiweka juu ya sinia, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Nazi ilibaki pale mpaka jioni ikachacha. Mama ana miaka 71, na tangu siku ile mdogo wangu akimpigia simu anatupa sisi tuongee naye. Anasema anaogopa asije akamharibu zaidi.

Huyo kocha hajawahi kumwona mdogo wangu. Hajamsikia hata akikohoa. Alikodi ukumbi hapa mjini Jumamosi mbili, ada elfu hamsini kwa kichwa na chai juu, kisha akafungua grupu la WhatsApp ambalo wake za watu wanatuma habari za waume zao na yeye anarudisha majibu kwa voisi. Mumeo anapenda kusifiwa? Narsisisti. Haombi radhi? Narsisisti. Na kila hukumu inaishia kwa mama mkwe.

Nimekaa wiki nzima nasoma usiku, wanangu wakilala. Nilitaka kujua jambo hili limeanzia wapi, na waliolianzisha walisema nini. Nikagundua kwamba huyu kocha anauza ganda, ndani hamna kitu.

Tuanze na kile kisa anachokisimulia kila semina, cha kijana Narcissus aliyejipenda akafia kando ya maji. Kisa kimo kwenye tenzi za Ovid, mshairi wa Roma wa miaka 2,000 iliyopita. Lakini pale kijana anapoinama kunywa maji hajui kwamba ile ni sura yake. Anadhani kuna mtu mwingine chini ya maji, anamsemesha, ananyoosha mikono, yule hashikiki. Akija kutambua kwamba ni yeye mwenyewe, ameshachelewa. Mtu wa namna hiyo utamwita mwenye kujipenda kupita kiasi? Mimi nimeona mtu anayemtafuta mwenzake na hampati. Kocha kakiruka kipande hicho chote.

Halafu Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna. Mwaka 1914 aliandika makala mahsusi kuhusu unarsisi, na jambo kubwa analosema ni kwamba kila binadamu huanzia hapo. Mtoto mchanga hajui mipaka ya nafsi yake na dunia, pendo lote limo ndani yake, kama maji ambayo hayajatoka mtungini. Taratibu analimimina nje: kwa mama, kwa baba, kwa wenzake. Na mtu mzima akiumia hulirudisha ndani. Freud anatoa mfano wa mtu anayeumwa jino, kwamba wakati ule roho yake yote imejikusanya kwenye lile tundu la jino. Nani kati yetu hajaumwa jino? Usiku ule ulimkumbuka nani?

Anasema pia kwamba wazazi humwona mtoto wao kama mtukufu mfalme kwa sababu ndoto zao zilizokwama zinapata mahali pa kuishi tena. Kocha kakikwapua hicho kipande cha mfalme akakifanya shitaka la jinai. Freud alikuwa anaueleza upendo wa mzazi yeyote yule, wangu, wako na wake huyo kocha kama ana watoto.

Sasa mizizi ya unarsisi ule unaoumiza watu. Hapa wakubwa wenyewe wa saikoanalisia, ile tiba ya akili kwa mazungumzo aliyoianzisha Freud, walipishana, na kupishana kwao ndiko kulikonitoa machozi, kwa sababu huyu wa voisi anasema kwa uhakika jambo ambalo watu walibishania miaka na miaka wakiwa na wagonjwa mbele yao, siku nne au tano kwa wiki.

Heinz Kohut, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Chicago, alitoa kitabu mwaka 1971. Yeye aliona njaa. Mtoto anahitaji jicho la mama linalong'aa akimwona, na anahitaji mkubwa wa kumtegemea na kumwona shujaa. Akivipata, halafu akanyimwa kidogokidogo kwa kiasi anachokiweza, anajifunza kujishikilia mwenyewe. Asipovipata, ile njaa haikui naye, inabaki na umri ule ule wa mtoto. Ndiyo maana unamkuta mwanamume wa miaka arobaini anahitaji sifa kama kichanga anavyohitaji ziwa, na usipompa anawaka. Kwa Kohut basi chanzo ni kukosa, na huyu wa semina anahubiri kudekezwa.

Otto Kernberg naye kazaliwa Vienna, akakulia Chile ambako familia yake iliwakimbia Wanazi, akaja kufanya kazi Marekani. Kitabu chake ni cha mwaka 1975. Alibisha. Kwake ile nafsi kubwa ni ngome, na ndani ya ngome kuna hasira na husuda ya mtoto aliyelelewa kwa baridi, pengine na mzazi aliyemsifia kipaji chake huku yeye mwenyewe hamtaki. Hata huyo, aliyekuwa mkali kuliko Kohut, hakuzungumzia mama aliyependa mno. Alizungumzia baridi.

Ili nisionekane nachagua yanayonifurahisha: ndiyo, upande wa kusifiwa mno nao una ushahidi. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Uholanzi uliofuatilia watoto 565 wa miaka saba hadi kumi na moja, na wale ambao wazazi wao waliwaona bora kuliko watoto wengine walizidi kupanda katika tabia hizo. Lakini utafiti ule ule ulikuta kwamba mtoto anayeonyeshwa mahaba anapata kujithamini kuzuri. Kumwambia mtoto yeye ni bora kuliko wa jirani ni jambo moja, kumkumbatia ni jingine kabisa. Na huyu kocha kwenye grupu lake amewaambia kina mama vijana wasiwabebe watoto mara kwa mara, wasije wakazalisha narsisisti! Kuna mama wa kichanga cha miezi minne mle ndani, wifi kanionyesha, kauliza amwache mwanawe alie mpaka lini. Yaani hapo ndipo nilipotetemeka.

Sasa niseme ya nyumbani, maana ndiyo yaliyonikaba.

Mdogo wangu ni mtu mgumu, wifi hasemi uongo. Akisifiwa mwingine mbele yake ananuna siku tatu. Ukimkosoa mbele ya wageni ni kama umemchoma kisu, anatoka na baiskeli mpaka Raskazone na anarudi usiku. Kuomba radhi hajui. Wifi yangu ameteseka na ana haki ya kusema, ana haki hata ya kuondoka akichoka. Sigombani naye.

Lakini kudekezwa? Nani alimdekeza?

Mdogo wangu alikuwa na miezi miwili wakati dada yetu wa katikati alipofariki kwa surua. Alikuwa na miaka mitatu. Mama alimzika mmoja huku mwingine ananyonya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nakumbuka: mama anakaa mlangoni, mtoto yuko kwenye ziwa, macho yake yako barabarani. Mtoto anaachia ziwa, anamtazama usoni, anacheka kile kicheko cha vichanga kisicho na meno. Mama hamwoni. Anacheka tena. Halafu ananyamaza. Nilikuwa namchukua namfunga mgongoni kwa kanga, nazunguka naye barabara baada ya barabara mpaka alale. Ilichukua mwaka mzima na zaidi kabla mama hajarudi usoni mwake.

Mkiona nimelia saa nane za usiku mbele ya simu, ni kwa sababu nimekuta kuna mtu aliyeliandika hilo. André Green, naye mtu wa saikoanalisia, Mfaransa mzaliwa wa Misri, mwaka 1980 alieleza habari ya "mama aliyekufa", na maana yake ni mama aliye hai, yupo, ananyonyesha, ananawisha, ila msiba umemzima. Mtoto hajui msiba. Anachojua ni kwamba taa ilikuwa inawaka usoni na sasa imezimika, na anabaki na shimo ambalo atalifukia kwa lolote atakalolipata. Na Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, mwaka 1967 aliandika kwamba kioo cha kwanza cha mtoto ni uso wa mama yake. Akimtazama mama, anajiona yeye. Mdogo wangu alitazama akaona barabara.

Simpi ugonjwa, mimi si daktari. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza hali hii kama ugonjwa mwaka 1980, na wa sasa una dalili tisa zinazotakiwa angalau tano, za kudumu, zilizoenea katika maisha yake yote. Kazi ya kuzipima ni ya aliyesomea, akiwa na mtu mwenyewe kitini. Mkoa wetu huu una hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, wagonjwa wa akili wanatunzwa pale tangu enzi za Mjerumani. Hatukuanza jana kujua kwamba akili inauguzwa na watu wa kazi hiyo.

Ninachosema ni hiki: kama kocha angeuliza swali moja tu, "alipozaliwa nyumbani kulikuwa na nini?", angekutana na jeneza dogo. Hakuuliza. Akatwaa methali, akaigeuza rungu, akampiga nayo mwanamke aliyefiwa.

Nimemwandikia mara mbili. Mara ya kwanza akanijibu kwamba familia za manarsisisti huwa hivi hivi, zinamlinda. Mara ya pili akanizuia.

Wifi jana kaja na bilauri ya uji, kakaa chini kwenye mkeka karibu na mama, hajasema mengi. Nilimsimulia habari ya marehemu dada. Hakuwa anajua. Mume wake hakuwahi kumwambia, na pengine hata yeye mwenyewe hajui vizuri, kwetu jina lile halitajwi.

Kwa hiyo nataka mambo mawili. Aliyehudhuria semina zile hapa Tanga na yamemkuta kama haya anifuate inbox, tuwe wengi tukienda kulalamika. Na wewe kocha, najua unasoma humu: ile voisi ilisambaa kwenye grupu la watu zaidi ya mia mbili. Rekodi nyingine, humo humo, kwa sauti ile ile, umwombe radhi mama yangu. Nitamwekea simu kwenye kigoda asikilize.