Mrejesho: Nimepata pa kusali Dodoma

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi niliyeuliza nisali parokia gani baada ya kuhamishiwa Dodoma kikazi kutoka Bukoba, maana kila misa nilijiona mgeni. Wengi mlinielekeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Nilienda, na ibada yao ni nzuri mno. Hata jina lina historia: mtakatifu huyo ndiye mwanzilishi wa Wapasionisti, wamisionari waliokabidhiwa eneo hili mwaka 1935. Ila kutoka Nzuguni ninakoishi ni mbali.

Kilichonisaidia hasa ni ushauri wa yule dada aliyesema nianze na jumuiya, yaani kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, parokia itafuata. Mama muuza mboga jirani yangu akanipeleka Jumamosi asubuhi. Tukasali, tukasoma Injili, mwenyekiti akaniandika daftarini na kuniomba barua ya utambulisho. Wiki hiyo hiyo mwanangu akaugua, wanajumuiya wakaja na uji wakakaa nasi hadi usiku. Nililia jamani. Sasa naimba sauti ya pili kwaya ya kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia.

Dada, Mungu akubariki sana. Barua bado naisubiri. Katekista wa Bukoba ameahidi kuituma kwa basi.