Re: Ndoa ya Moshi haijavunjwa, naweza kufunga nyingine huku?

Ujumbe wa kwanza, kutoka Leicester

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za siku.

Nilifunga ndoa kanisani Moshi mwaka 2009. Tuliachana 2015, mimi nikaja huku Uingereza, mwenzangu yuko kwao Marangu na maisha yake. Wazee wa pande zote walikaa, mahari ikarudishwa, kila mtu akashika njia yake. Sasa nina mchumba, mtu wa Ngaramtoni, na tunataka kwenda bomani huku miezi miwili ijayo. Rafiki yangu ananiambia ikipita miaka saba ndoa ya kwanza imeshajifia. Ni kweli? Na nikijaza kwenye fomu kwamba sijawahi kuoa, nani atajua?

Jibu, kutoka Moshi

Marahaba, mdogo wangu. Niliusoma ujumbe wako jana usiku, usingizi ukakata. Tafadhali usiijaze hiyo fomu hivyo.

Kuachana si talaka. Wazee wakirudisha mahari, wamemaliza ya wazee. Mchungaji akikuandikia barua, amemaliza ya kanisa. Kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, wa kuivunja ndoa yenu ni mahakama. Mpaka leo wewe ni mume wa yule dada wa Marangu, na Uingereza inakuhesabu hivyo hivyo, maana ndoa iliyofungwa kihalali Moshi haiyeyuki ukishuka Heathrow.

Hiyo miaka saba imeponza wengi. Imetoka kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, kifungu cha 57. Mwenye ndoa akifunga nyingine, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka saba. Kifungu hicho hicho kinamwondolea hatia mtu ambaye mwenzi wake ametoweka miaka saba mfululizo, naye hana habari kama yu hai. Ametoweka, mdogo wangu. Siyo yuko Marangu na Krismasi mnatumiana salamu. Na hata aliyetowekewa kweli, mwenzi wake akiibuka yu hai, ndoa ya pili ni batili. Kusema uongo kwenye notisi ya ndoa, ndiyo fomu yako hiyo, nako ni kosa linalojitegemea, kwa sheria ya mwaka 1911, nalo linafika miaka saba. Ukishapata uraia wa huko, hata ukija kufungia ndoa ya pili Moshi au Arusha kifungu hicho cha 1861 kinakufuata.

Umeuliza nani atajua. Ngoja nikueleze nilivyojua mimi.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Machame. Tulifunga ndoa bomani huko huko Uingereza, akaandika hajawahi kuoa, nami nikaamini kwa moyo wote. Dada zake walikuja harusini, wakacheza, hakuna aliyefungua mdomo. Alipofariki tulimrudisha kuzika kihambani kwao. Nilipoingia ndani nikakuta mwanamke ameshakalishwa mahali pa mjane. Shemeji yangu mmoja akanishika mkono taratibu akanikalisha na wageni.

Yule mama alikuwa ameolewa kimila. Mahari ilitolewa, mbege ya wazee ilinywewa, wana watoto wawili wakubwa. Ndoa ile haikuandikishwa popote, nikadhani hilo litaniokoa. Halikuniokoa. Sheria yetu inataka ndoa ya kimila iandikishwe, lakini kutoandikishwa peke yake hakuifanyi batili. Iliyokuwa batili ni yangu, yenye cheti na picha na keki. Mfuko wa pensheni wa kazini kwake ulipoletewa ushahidi ukaacha kuniita mjane. Nilikuwa nimeishi na yule mtu miaka kumi na moja.

Mambo mawili yalinishika mkono. Sheria ya mirathi ya huko ya mwaka 1975 inampa nafasi ya kudai sehemu ya mali mtu aliyeingia kwa nia njema kwenye ndoa iliyokuja kuonekana ni batili. Na binti yangu hakuitwa mtoto wa nje, kwa sababu wakati ule mimi mzazi wake niliamini, kwa sababu za msingi, kwamba nimeolewa kihalali. Mchumba wako akiingia kwenye ndoa akiujua ukweli, mlango huo wa nia njema hana. Akiingia hajui, unamfanyia nilichofanyiwa mimi. Umemwambia?

Njia ya halali ipo, wala si ngumu kama unavyodhani. Ukiwa umeishi Uingereza mwaka mzima unaweza kuomba talaka huko huko, hata kama ndoa ni ya Moshi. Tangu Aprili 2022 huhitaji kueleza nani alimkosea nani. Zinapita wiki 20 tangu shauri lifunguliwe, halafu wiki sita tena kabla ya hati ya mwisho, kwa hiyo miezi miwili haiwezekani. Cheti cha ndoa kikiwa kimepotea, mtume ndugu aanzie RITA, wakala wa serikali hapa nyumbani unaotunza kumbukumbu za ndoa.

Au mwenzako afungue shauri hapa nyumbani, hata mahakama ya mwanzo inasikiliza. Kwa kawaida lazima mpite baraza la usuluhishi kwanza, ila kama wewe uko nje na hutarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita, sheria inamruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja. Zungumzeni, afungue mmoja. Naye anastahili hiyo karatasi. Bila talaka akiolewa tena, kosa ni lake.

Jibu, kutoka Birmingham

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Kaloleni, Arusha, naongeza kwa ndugu zangu Waislamu. Nyumbani ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake zaidi ya mmoja au inayoweza kuwa hivyo, kwa hiyo mwenye wake wawili hajavunja sheria. Huku mke wa pili hapati viza ya kumfuata mume ikiwa mwenzake ameshaingia kama mke. Wapo wanaokwepa kwa kufunga nikahi msikitini bila kuisajili. Kwa Mwenyezi Mungu ni mke, lakini mume akimwacha, sheria ya huku haimhesabu kuwa alikuwa mke. Dada zetu, ulizeni usajili kabla ya siku yenyewe.

Jibu, kutoka Calgary

Kanada pia ni jinai, kifungo hadi miaka mitano. Huyo rafiki yake wa miaka saba asituhamie huku.

Jibu, kutoka Leicester

Dada, nashukuru, na pole sana kwa yaliyokupata. Sijamwambia. Anatoka zamu saa mbili usiku, nitamfuata kwake badala ya kupiga simu. Cheti kiko kwa mama, Kiboriloni. Kesho namwomba anipigie picha.