Naomba ushauri: origami rahisi ya kiangazi kwa watoto wadogo

Habari zenu wanachama. Niko Kisumu, na likizo hii ya Agosti watoto wa majirani, wa miaka 4 hadi 7, hushinda kwangu alasiri jua likiwa kali. Nawafundisha origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi bila gundi. Nataka iwe ya vitu vya jua na maji wanavyoviona hapa ziwani: mashua, samaki, upepeo, kofia.

Upepeo wameushika wote, maana ni mkunjo uleule mbele na nyuma. Kofia ya gazeti pia. Mashua ndiyo inayonisumbua. Ile hatua ya kuifungua kofia na kuibana iwe mraba inawashinda wadogo, wanararua karatasi na wengine wanalia. Sitaki kuwakunjia mimi. Furaha yote iko kwenye vidole vyao. Je, kuna mashua yenye mikunjo michache? Na samaki anayeanzia kwenye pembetatu?

Karatasi natumia A4. Nakunja kona hadi ukingo wa pili, nakata kinachobaki, napata mraba wa milimita 210. Manila ni nzito mno kwa mikono yao. Za kufungia zawadi zinashika mkunjo vizuri?

Jambo lingine: wanataka mashua ielee kwenye beseni, lakini karatasi hulowa upesi. Nikisugua mshumaa au krayoni chini yake kabla ya kukunja, itasaidia? Walimu wa chekechea, tafadhali nisaidieni.