PAC-1 haishiki chembe sahani hata nikiweka ADP: kasoro iko wapi?

MpimajiDunga
Habari zenu wataalamu. Tunapima chembe sahani (vijichembe vya kugandisha damu) za wagonjwa wa malaria kwa flosaitomita, mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga. Tunatumia kingamwili zenye rangi za kung'aa (PE, FITC na APC ndizo rangi): CD61-PE kuzitambua, PAC-1-FITC na CD62P-APC kuona kama zimeamka. Damu inatoka Siaya hadi Kisumu kwa gari, tyubu za kofia ya zambarau, ndani ya kijisanduku cha barafu. CD61 inaonekana vizuri. PAC-1 ni sifuri hata nikiweka ADP, kemikali ya kuziamsha, mikromola 20, lakini CD62P iko juu hata kwa mtu mzima asiyeumwa. Je, kingamwili imeharibika?

Pipeti5
Kingamwili haina makosa, ndugu. Tatizo ni kofia ya zambarau. Ndani mna EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hunyakua kalsiamu yote. PAC-1 hushika GPIIb/IIIa, protini iliyo juu ya chembe sahani, ikiwa tu protini hiyo imejifungua, na bila kalsiamu haishiki. CD61 ni sehemu ya protini hiyo hiyo, lakini inabaki kuonekana kwa sababu kingamwili yake haijali kama protini imelala au imeamka.

Tumia kofia ya bluu, sodiamu sitreti asilimia 3.2, damu sehemu 9 kwa sitreti 1, ijae hadi kwenye alama. Sindano ya geji 21, kamba ya mkono isikazwe sana, na mililita 2 za kwanza zitie kwenye tyubu nyingine, usizipime. Hizo za mwanzo huwa zimeguswa na jeraha la sindano. Kisha weka barafu chini ya tyubu isichemke njiani.

AlfaGranula
Pipeti5 yuko sawa kuhusu EDTA, ila hapo kwa barafu hapana kabisa! Baridi hubadilisha umbo la chembe sahani na kuziamsha, ndiyo maana CD62P yako iko juu hata kwa mtu asiyeumwa. Ziache kwenye joto la chumba, zisitikiswe. Na barabara yenye mashimo haitawasaidia. Heri mwanzie kazi palepale Siaya: kuweka rangi na kufiksi (kuzituliza kwa dawa zibaki zilivyo) hakuhitaji flosaitomita. Utaratibu:

Ndani ya dakika 30 za kutoa damu, weka mikrolita 5 kwenye tyubu yenye kingamwili na bafa ya HEPES-Tyrode, jumla mikrolita 50. ADP iingie pamoja nazo. Subiri dakika 15 hadi 20 gizani, usitumie mashine ya kutikisa, gonga tyubu kwa kidole tu. Kisha ongeza mililita 1 ya paraformaldehaidi asilimia 1. Usifiksi kabla ya PAC-1, na usioshe: sentrifuji nayo huziamsha.

Baada ya kufiksi ndipo friji inaruhusiwa.

MpimajiDunga
Asanteni. Na kontroli? Nina isotaipu ya IgG, yaani kingamwili ya kulinganishia isiyolenga kitu.

AlfaGranula
Hiyo haifai kwa PAC-1, kwa kuwa yenyewe ni IgM, aina nyingine ya kingamwili. Weka peptidi ya RGDS, inayoziba mahali PAC-1 inaposhika, kwenye tyubu moja kabla ya PAC-1. Mwanga unaobaki hapo ndio ushikaji wa bure, usio wa kweli. Kwenye mashine, FSC na SSC (vipimo vya mwanga vya ukubwa na vya umbile la ndani la seli) ziwe za logi na kizingiti kiwekwe kwenye CD61, la sivyo seli nyekundu zitajaza skrini. Chembe zilizogandamana na monosaiti nazo hung'aa CD61, zikate kwa ukubwa.

Pipeti5
Nakubali kuhusu barafu. Zile chupa za kingamwili zenyewe ndizo za friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigandishwe kamwe. PE ikiganda imekwisha.