Ushauri kuhusu kufufua Toyota Celica ST202 ya mwaka 1995: nianze na bodi au injini?

Bahari_Tanga

Habari zenu wakuu. Nimenunua Toyota Celica ya mwaka 1995, modeli ya ST202, yenye zile taa nne za mviringo mbele, kwa shilingi milioni 3 na nusu, kutoka kwa jirani yangu hapa Tanga ambaye aliliegesha uani kwa miaka isiyopungua minne akisubiri fedha za matengenezo. Kibati kilichopo kwenye chumba cha injini kinaonyesha injini ya 3S-FE, cc 1998, na giaboksi ni ya mkono. Kadi ya gari ipo, namba ya chasisi inalingana nayo, na nilihakikisha kabla ya kulipa kwamba halidaiwi faini za barabarani. Silihitaji kwa safari za kila siku. Nalitaka kwa sababu tangu nikiwa sekondari sijaona gari dogo la Toyota lenye umbo zuri kama hili, na ningependa kulirudisha katika hali yake kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, kwa bajeti ya takriban laki mbili kwa mwezi.

Hali yake ni hii: rangi imepauka kwenye paa na boneti, kutu inavimba chini ya rangi kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, zulia la upande wa abiria lina unyevu, breki ya nyuma kulia imekamata na matairi yamefanya nyufa. Injini haijawashwa tangu liegeshwe. Fundi mmoja ameniambia nifunge betri mpya nipige stata, mwingine anasema nianze na rangi ili nipate moyo wa kuendelea. Ninyi mngeanzia wapi?

Mzee wa Spana

Hongera kwa gari, ndugu yangu, na hongera zaidi kwa kukagua karatasi kabla ya kutoa fedha. Tafadhali usipige stata kwanza. Injini iliyolala miaka minne imekauka kuta za silinda, na petroli iliyomo kwenye tangi imeharibika kiasi kwamba ukiisukuma mbele utaziba nozeli na kuua pampu kwa siku moja.

Toa plagi zote nne, tia mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, uyaache usiku kucha, kisha siku ya pili uzungushe injini kwa mkono kwa kuweka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, upande uleule ambao injini huzungukia. Ukikutana na kizuizi kigumu, usilazimishe. Ikizunguka vizuri, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, mwaga petroli yote, badilisha filta ya petroli, na ufungue kifuniko cha mkanda wa taimingi uutazame. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo mimi ningeufunga mpya pamoja na beringi zake, sili ya mbele na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kuvifikia ni ileile. Heri yako ni kwamba 3S-FE ikikatika mkanda valvu hazigongi pistoni.

Kabla ya kurudisha plagi pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya psi 14 hivi (psi ndicho kipimo cha mgandamizo huo), tuandikie namba zote nne kabla hujanunua kifaa chochote.

Chuma Hakidanganyi

Naomba niseme kuhusu bodi, kwa sababu hapo ndipo miradi ya namna hii inapofia, hasa kwetu sisi tunaoishi karibu na bahari. Injini ya 3S-FE unaweza kuipata nzima kutoka kwenye gari jingine, lakini bodi ya Celica iliyooza hutapata ya kubadilisha. Kwa hiyo kabla ya kutumia laki mbili za mwezi wa kwanza kwa jambo lolote, chukua siku nzima ulikague chuma chote. Ng'oa zulia. Lala chini ya gari, likiwa limekaa juu ya vigoda vya chuma na si juu ya jeki peke yake, kisha gonga kwa nyuma ya bisibisi kando ya vizingiti vya milango, sakafu, na mahali ambapo shokomzoba zimeshikwa, mbele na nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkavu, kilichooza hutoa sauti nzito na bisibisi huzama. Chukua pia sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa, uipitishe polepole juu ya matao ya nyuma: inapokataa kushika, ujue hapo kuna puti nene ambayo mtu alifichia tundu.

Unyevu wa zulia una chanzo chake, na usipakaushe kabla ya kukijua. Kama gari lako lina dirisha la paa, mwaga maji kidogo kwenye mfereji wake utazame kama yanatokea chini, kwani vile vimipira vya kutolea maji huziba kwa majani na vumbi, na maji yakakosa njia huingia ndani. Kama halina, chunguza mpira wa mlango na mahali kioo cha mbele kinapokutana na bodi.

Kuhusu kulehemu, usimruhusu mtu kuja na mashine ya vijiti. Bati la bodi halifikii unene wa milimita moja, na kijiti hulitoboa au kulipinda. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayolehemu kwa waya mwembamba na gesi, akate sehemu iliyooza mpaka afike kwenye chuma cheupe, alehemu kwa vituo vifupi akiruka huku na huku ili bati lisipate joto sehemu moja, nawe chomoa betri kabla hajaanza. Baada ya hapo weka praima ya epoksi pande zote mbili, ya nje na ya ndani ya tao, maana kutu ya matao huanzia ndani ambako tope limejificha. Rangi ya kumalizia iwe kazi ya mwisho kabisa. Namba ya rangi ya kiwandani imeandikwa kwenye kibati hichohicho ulichokisoma, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia.

Kijana wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Ikiwa utafungua injini hata hivyo, kwa nini usifikirie kufunga 3S-GE ya BEAMS, ndugu ya injini yako mwenye nguvu zaidi, iliyotoka kuanzia mwisho wa mwaka 1997? Ile ina nguvu 200 za farasi, wakati 3S-FE yako ina 140. Gari la michezo liwe na mwendo wake.

Mzee wa Spana

Kijana wangu, nakuheshimu, lakini kwa bajeti ya laki mbili kwa mwezi ushauri huo utamwachia mwenzetu gari lisilo na injini kwa miaka. Injini hiyo inahitaji kompyuta yake, waya zake, na baadaye breki zinazoendana na mwendo huo. Uzuri wa gari hili ni kwamba injini yake ndiyo iliyomo kwenye RAV4 za kizazi cha kwanza, Corona na Caldina za ST191, ambazo zimejaa nchi nzima, na kila fundi anaijua.

Dada_Breki

Naongezea hapo kwenye spea. Carina ED na Corona Exiv za ST202, pamoja na Curren, ni ndugu wa Celica kwa upande wa chini, hivyo muulize muuza spea kwa majina hayo kabla hajakwambia kwamba haipo. Ila usichukue rimu za RAV4: zake ni 5x114.3 na zako ni 5x100, yaani boliti ni tano kwote lakini duara la matundu yake ni la milimita tofauti.

Hiyo breki iliyokamata usiipige nyundo ukaridhika. Fungua kalipa, angalia pistoni yake kama ina vishimo vya kutu; ikiwa navyo, mipira mipya haitazuia kuvuja. Badilisha mafuta ya breki yote, kwani hunyonya unyevu hewani. Matairi nayo soma zile namba nne za mwisho za DOT, alama iliyo ubavuni mwa tairi: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kwa nyufa ulizotaja, usiyatumie barabarani hata kwa majaribio.

Bahari_Tanga

Nawashukuru sana wote. Nimefuata mpangilio wenu. Sakafu na vizingiti ni vizima, kilichooza ni tao la nyuma kushoto pekee, na fundi wa MIG ataanza mwezi ujao. Dirisha la paa lipo, na mfereji wake wa mbele ulikuwa umeziba kabisa kwa majani ya mwarobaini. Kompresheni ni 165, 168, 160 na 166. Nimefunga mkanda mpya na injini imewaka, lakini ikiwa ya baridi sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, moshi ni mweusi kidogo, na taa ya injini inabaki inawaka. Gari halina ile soketi ya kuchomeka mashine ya kupimia. Nifanyeje?

Mzee wa Spana

Kompresheni hiyo ni nzuri kwa injini ya umri huo. Huna haja ya mashine. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, nyuma yake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, uhesabu mimweko ya taa.

Bahari_Tanga

Inamweka mara mbili, inatulia, inamweka tena mara mbili, halafu inarudia.

Mzee wa Spana

Hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji au waya wake. Kompyuta haijui injini imepata joto kiasi gani, ndiyo maana moshi ni mweusi. Chomoa soketi ya sensa, tazama kama pini zina ukijani, zisafishe, kisha pima sensa yenyewe kwa mita: kwenye nyuzijoto 20 inapaswa kusoma kati ya kilo-omu 2 na 3, na kwenye 80 ishuke hadi kati ya 0.2 na 0.4. Kwa hewa ya Tanga itasoma chini kidogo ya 2 ikiwa ya baridi, usishtuke. Isiposoma kabisa, nunua sensa ya 3S-FE, ni kitu kidogo. Ikisoma vizuri, fuata waya kuelekea kwenye kompyuta, hasa pale unapopita karibu na eksozi. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwa muda wa dakika moja ili namba ifutike, uirudishe, uwashe injini ikiwa ya baridi, kisha utuandikie taa inasema nini.